Tusipime Roho za Watu kwa Kamusi

Mwaka 2004 kampuni moja ya tafsiri ya London ilitangaza maneno magumu kuliko yote kutafsiri duniani. La kwanza lilikuwa "ilunga", kutoka lugha ya Tshiluba ya Kongo. Tukaambiwa ni mtu anayesamehe kosa la kwanza, akavumilia la pili, ila la tatu halivumilii kamwe. Habari ikaenea kote, na Waluba wakasifiwa kwa hekima yao ya kusamehe. Kumbe Ilunga ni jina la mtu, jina la kawaida kabisa miongoni mwao. Masimulizi yao humtaja Kalala Ilunga kuwa mwasisi wa dola yao ya kale. Tena neno hilo "lisilotafsirika" lilifasiriwa kwa sentensi moja, na kila msomaji akaelewa.

Imani iliyozaa kioja hicho imetuingia hata sisi: kwamba kila watu wana neno lisilotafsirika, na humo ndimo ilimo roho yao. Wareno wana "saudade", yaani majonzi ya kutamani kilicho mbali au kilichopotea, Waswahili tuna "pole", na pole eti ni ushahidi wa huruma yetu. Ni ushahidi gani huo, ikiwa jirani anayekupa pole asubuhi ndiye anayesogeza mpaka wa kiwanja chako usiku? Pole ni adabu ya mazungumzo. Huruma hupimwa kwa matendo.

Sifa hii ina sumu ndani. Ukikubali kwamba neno ulilo nalo linathibitisha wema wako, huna budi kukubali kwamba usilo nalo linathibitisha upungufu wako. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanateolojia mkubwa wa Kenya, alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, asione namna ya kutaja wakati ujao wa mbali. Akahitimisha kwamba katika fikra za jadi za Mwafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Alikusudia kuieleza Afrika kwa heshima, lakini hoja yake ilikuwa mbovu, na mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye aliipinga kwa ushahidi wa Waakan. Kijapani nacho hakina njeo maalumu ya wakati ujao. Nani anadai Wajapani hawajui kupanga? Mzee anayepanda mwembe ili wajukuu wale maembe, na mwingine anayeweka shamba wakfu, wameshaiwaza kesho ya mbali bila kungoja ruhusa ya kitenzi.

Sikatai kwamba msamiati hufuata kazi. Pwani tuna kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kwa sababu mnazi ni riziki yetu, na tunda lake lina matumizi tofauti kadiri linavyokomaa. Hizo ni habari za shughuli zetu. Kijana wa Dodoma akihamia Tanga kufanya biashara ya minazi, atayajua maneno hayo yote, na roho yake itabaki ileile aliyokuja nayo.

Madhara makubwa yako darasani. Wanaotaka fizikia na sheria zisifundishwe kwa Kiswahili hutumia hoja hiyohiyo: neno halipo, basi lugha haiwezi. Lakini ulipozuka ugonjwa mpya miaka ya 1980, tulisema upungufu wa kinga mwilini, tukafupisha ukimwi, na jina lenyewe likamweleza mgonjwa kinachomsibu. Haja ilitangulia, neno likafuata. Ndivyo ilivyo kwa kila lugha: watu huwaza kwanza, kisha huunda neno, au huazima, au hueleza kwa maneno kumi.

Anayetaka kuijua tabia ya watu aangalie wanavyogawana ardhi, wanavyolea yatima, na wanavyomhukumu mwizi wa kuku na mwizi wa hazina. Na anayetaka kuwanyima watoto wetu elimu kwa lugha waijuayo atafute hoja nyingine. Hii ya neno kukosekana imekwisha.