MIGUU ISIYOTULIA USIKU: PIMA KWANZA, VIDONGE BAADAYE

Leo nimeona tuzungumzie ugonjwa ambao wengi wanao lakini hawaujui jina, na kwa kuwa hawaujui jina, fedha zao zinaishia kwenye chupa za vidonge.

Ni ule wa miguu kukosa utulivu. Umeshinda bandarini unasimamia kontena la Mombasa au la Dar, au umezunguka Xiaobei kutafuta mzigo na kurudi kwa metro. Usiku unajilaza, na miguu inaanza. Si maumivu hasa. Wengine husema ni kama wadudu wanatembea ndani ya mifupa, wengine kama kuna kamba inavutwa. Asubuhi unaamka umechoka kuliko ulivyolala.

DALILI ZAKE NI NNE:
1. Hamu kubwa ya kuchezesha miguu, usiyoweza kuizuia.
2. Huanza au huzidi ukikaa au ukilala.
3. Hupungua ukiinuka ukatembea au ukajinyoosha.
4. Huja zaidi jioni na usiku.

Ugonjwa huu ni wa kweli. Daktari Mwingereza Thomas Willis aliuandika mwaka 1672, na Karl-Axel Ekbom wa Sweden akauchambua na kuupa jina mwaka 1945. Kwa hiyo si majini, wala si baridi ya kiyoyozi. Ila usiuchanganye na mengine. Miguu inayowaka moto au kufa ganzi mchana na usiku yaweza kuwa ya kisukari au upungufu wa vitamini B12. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na kuuma, hasa baada ya safari ndefu ya ndege, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana damu yaweza kuwa imeganda.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Sisi tukiugua ughaibuni tunatibiana kwa simu. Mmoja anasema shemeji yake alipona kwa magnesiamu, mwingine anasema weka sabuni chini ya shuka, wa tatu anauza chupa zake mwenyewe. Mimi nasema: usinunue kitu kabla ya kupima akiba ya madini ya chuma mwilini, yaani ferritini. Ubongo ukikosa chuma cha kutosha, miguu huanza kusumbua, na hii ndiyo sababu inayotibika kwa urahisi kuliko zote.

Wengi hujibu, "Dada, nimepima damu, iko sawa." Uliyopima ni wingi wa damu, yaani himoglobini. Hiyo yaweza kuwa nzuri huku akiba imekwisha, kama duka lililopanga bidhaa mbele na stoo nyuma ni tupu. Tena, kwa ugonjwa huu tunataka ferritini iwe zaidi ya mikrogramu 75 kwa lita. Karatasi ya maabara yaweza kuonyesha 30 bila kuweka alama yoyote, ukaambiwa uko salama. Muulize daktari namba yenyewe.

Hapa China si kazi ngumu. Unajiandikisha dirishani, unamwona daktari, unalipia, unatolewa damu. Lugha ikigoma, mwonyeshe maneno haya kwenye simu: 不宁腿综合征 (buning tui zonghezheng), ndilo jina la ugonjwa, na 铁蛋白 (tiedanbai), ndiyo ferritini. Nenda asubuhi kabla ya kula, na siku iliyotangulia usinywe vidonge vya chuma. Kinamama wenye hedhi nzito, wajawazito na wenye matatizo ya figo ndio wanaosumbuliwa zaidi, basi wasichelewe.

Ikionekana akiba ni ndogo, daktari atakupa vidonge vya chuma. Vimeze pamoja na chungwa au vitamini C, na usivichanganye na chai. Hapa Guangdong chai haiishi mezani, nasi tumekuja na ya kwetu ya rangi, na chai huzuia chuma kuingia mwilini. Iache saa 1 hadi 2 kabla na baada ya kidonge au mlo. Baada ya miezi 3 hivi pima tena, na tafuta pia chuma kilipotokea: hedhi, vidonda vya tumbo, minyoo au uvimbe wa kizazi.

Kwa nini nasema usijimezee tu? Kwa sababu chuma kikizidi kinaharibu ini na moyo. Mwenye selimundu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi, au mwenye thalasemia, anaweza kuwa nacho tayari kupita kiasi. Na vidonge hivyo vikimezwa na mtoto vinaweza kumuua, viweke juu kabatini. Magnesiamu nayo ushahidi wake ni dhaifu, na mwenye figo mbovu asiiguse bila daktari.

YASIYO NA GHARAMA: nyoosha misuli ya miguu kabla ya kulala, ikande kwa maji ya moto, punguza kahawa jioni, acha pombe na sigara, lala saa zile zile. Angalia pia dawa unazotumia. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton, huchochea miguu, sawa na metoklopramidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za sonona. Hizi za sonona usiziache mwenyewe, zungumza na daktari.

Bado hulali? Dawa zipo. Ila uandikiwapo pramipeksoli au ropiniroli, uliza kwanza. Mwongozo wa Akademia ya Tiba ya Usingizi ya Marekani wa mwaka 2025 unashauri zisiwe dawa za kawaida za kuanzia, kwani baada ya muda dalili huanza mapema zaidi mchana na kupanda hadi mikononi. Gabapentini, au chuma cha kuingizwa mshipani, hupewa nafasi ya mbele. Aliyekwisha kuzianza asizikatishe ghafla.

Fedha ya chupa moja ya kubahatisha ilipie kipimo kwanza. Nawatakieni afya njema na usingizi mnono.