MAARIFA YA NYUMBANI: Diski Mbili, Ufunguo Mmoja

Juma lililopita alitujia mzee mmoja wa Nakaloke, polisi mstaafu, ambaye siku hizi huwapigia watu chapa barua zao katika kibanda kilicho kando ya barabara itokayo Mbale kwenda Soroti. Kompyuta yake ilikuwa na diski mbili: moja ya zamani, na nyingine mpya yenye kasi, ambayo fundi aliiwekea Windows. Mzee akaona ile ya zamani haina kazi tena, akaifungua kwa bisibisi, akampelekea mpwa wake Jinja. Kesho yake kompyuta ikakataa kuamka, ikadai kwamba haioni diski ya kuwashia. Na humo ndimo zilimokuwa barua za wajane wanaodai mafao ya waume zao! Fundi aliyeitwa akataka kufuta kila kitu aanze upya. Mke wa mzee akakataa katakata, na alifanya vyema.

Ndugu msomaji, hakuna kilichokuwa kimepotea. Kompyuta za siku hizi, ziwashwapo, hutii kwanza programu iliyomo katika bodi yake, iitwayo UEFI. Programu hiyo hutafuta sehemu ndogo ya diski, iliyotayarishwa kwa mpango wa FAT32, yenye faili za kuamshia mfumo. Kwa kawaida Windows huikata sehemu hiyo kwa ukubwa wa megabaiti 100 hivi. Ni kibanda cha mlinzi tu, lakini ufunguo wa lango umo humo.

Basi Windows inapowekwa katika diski mpya, ikikuta kibanda hicho tayari kipo katika diski nyingine, hukitumia hicho hicho bila kuuliza. Ubuntu nayo imewahi kulaumiwa kwa jambo hilo. Mzee alipotoa diski kuukuu, alitoa na ufunguo.

Mwenye diski zaidi ya moja na afanye hivi. Kabla ya kuweka mfumo, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha tenga diski zote isipokuwa ile utakayoiwekea. Mfumo utakata sehemu yake ya kuwashia humo humo. Ukimaliza, rudisha nyingine. Kama unataka Windows na Linux pamoja, kila mmoja uwe na diski yake na ufunguo wake, nawe utachagua katika orodha ya kuwashia.

Ambaye amekwisha kuweka, afungue Disk Management na kutazama sehemu iliyoandikwa «EFI System Partition» iko katika diski ipi. Ikiwa haiko pamoja na C, asiguse bisibisi.

Diski ya mzee tuliifunga kwanza katika kompyuta nyingine, tukanakili barua zote. Baadaye, kwa fleshi ya Windows, tukapunguza C kidogo, tukakata sehemu mpya ya kuwashia, tukaijaza kwa amri ya bcdboot. Kazi ya saa moja, ukiondoa muda wa kungojea umeme urudi. Ile diski ya zamani ingali Jinja; mpwa amekwisha kuijaza sinema.