Boti Ilinichukua Saa Mbili

Liko kosa moja ambalo sisi walimu wa Kiswahili tumelilea wenyewe hadi likaota mizizi. Ni lile la kutaja muda wa kazi, au juhudi inayotakiwa katika kazi, kwa kitenzi chukua mahali pote, kwa sababu tu Kiingereza hutumia neno lake la kuchukua. Twaandika ubaoni: "Inachukua saa tatu kufika." "Ilinichukua siku mbili kumaliza." "Inachukua subira kulea." Mwanafunzi hunakili kwa uaminifu, na sisi twampa alama.

Hapa Kashikishi, katika wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, kosa hili si la kalamu peke yake. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na huko Kilwa na Pweto Kiswahili ndicho lugha ya soko. Mchuuzi wa upande huu, ambaye nyumbani husema Kibemba na shuleni alisomeshwa Kiingereza, hujifunza Kiswahili ili anunue na kuuza bila mkalimani. Mtu huyo tumemfundisha kusema: "Boti ilinichukua saa mbili." Yeye ataka kusema kwamba safari ilikuwa ya muda wa saa mbili. Msikilizaji wake aelewa kwamba boti ilimpakia saa mbili asubuhi.

Tena tukumbuke kwamba katika Kiingereza cha Zambia wakati wa siku husomwa kana kwamba ni muda: saa nane mchana huitwa "saa kumi na nne", kwa neno lile lile la kuhesabia urefu wa safari. Mtu aliyezoea hesabu hiyo, akikabiliana na saa za Kiswahili zinazohesabiwa tangu macheo, ana mzigo wa kumtosha. Sisi tumemwongezea mwingine. Apotezaye saa ziwani huachwa na boti, na samaki hawamngoji mtu.

Na tuitazame sentensi yenyewe. Waingereza huanza na kiwakilishi kitupu kisichosimama badala ya jina lolote, kisha wakaleta kitenzi, kisha muda. Hiyo ni sarufi yao, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini tunapoihamisha nzima nzima, ile i- ya "ilinichukua" humfanya msikilizaji atafute jina: ni nini iliyokuchukua? Gari? Boti? Homa? Na yule aliyefanya kazi, ambaye alistahili kutangulia, amegeuka kuwa mzigo uliochukuliwa.

Watatuambia wapinzani wetu kwamba Kiswahili kina "ilitubidi" na "yafaa", navyo havina jina. Ni kweli. Lakini vitenzi hivyo vimezaliwa na kazi hiyo. Chukua ni kitenzi cha mkono na bega. Hutaka mtu au chombo chenye kubeba. Mtumbwi huu unachukua watu kumi: hapo kitenzi kiko kwao, na hakuna anayeshangaa.

Je, Kiswahili ni maskini hata kikope? La hasha. Kina njia nne, na kila moja ina nafasi yake.

Njia ya kwanza ni kiunganishi: kazi ya siku mbili, mwendo wa saa tatu. Kila mwaka Zambia inapofunga uvuvi wa ziwa hili, tangu tarehe mosi Disemba hadi mwisho wa Februari, twasema kwamba marufuku ni ya miezi mitatu. Hatuna haja ya neno zaidi.

Njia ya pili ni taka na hitaji, na hapa ndipo juhudi hupata lugha yake. Kazi hii yataka watu wawili. Ualimu wataka moyo. Tukitaka kukaza zaidi, twasema si lelemama, si kazi ya mtoto.

Njia ya tatu ndiyo tajiri kuliko zote, nayo ndiyo tunayoipoteza kwa haraka. Humweka mtendaji mbele na kumpa kitenzi ambacho ndani yake tayari mna muda. Wavuvi wa chisense, wale dagaa wa Mweru, huvua usiku kwa taa. Mwingereza atasema kwamba kazi hiyo iliwachukua usiku kucha. Mswahili asema: walikesha ziwani. Kulipokucha wake zao waliwaanika dagaa juani, wakashinda wakiwageuza. Kukesha, kushinda: maneno mawili yamebeba usiku mzima na mchana mzima. Tukimnyima mwanafunzi maneno haya na kumpa "iliwachukua", tumempa Kiingereza kilichovikwa kanzu.

Njia ya nne ni kuufanya muda wenyewe uwe mtendaji: zilipita siku tatu ndipo upepo ukatulia, siku mbili hazitoshi.

Wala haya si mapya katika nchi hizi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambaye mwaka 1867 alipigana na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo baina ya Mweru na Tanganyika, aliacha habari za maisha yake kwa Kiswahili, na humo safari hupimwa kwa siku na miezi. Hatumtaji kwa kumsifu, kwani biashara yake iliacha majeraha. Twamtaja kwa kuwa ni shahidi kwamba lugha hii ilipima mwendo wa huku bara kabla ya shule za Kiingereza kufunguliwa.

Msiba mkubwa zaidi umetupata katika methali. Siku hizi twasikia mikutanoni: "Inachukua kijiji kizima kulea mtoto." Maneno haya yalivuma sana duniani baada ya Hillary Clinton kukipa kitabu chake jina la namna hiyo kwa Kiingereza mwaka 1996, nasi twayapokea kama hekima ya mababu zetu, tena katika sarufi ya Kiingereza. Kumbe wahenga wametuachia: mkono mmoja haulei mwana. Ni maneno manne tu. Aliye na kisima uani haombi maji kwa jirani.

Jirani zetu wa Kongo nao hawakusalimika. Kwao husikika "nilifanya siku mbili Kilwa", kwa maana ya kukaa siku mbili. Hilo limetoka katika Kifaransa. Basi Mweru limekuwa ziwa la tafsiri mbili: mashariki "ilinichukua", magharibi "nilifanya", na katikati Kiswahili kinazama, ilhali wote wawili wangeelewana mara moja kwa kusema "nilikaa".

Hatusemi kwamba chukua lipigwe marufuku. "Matengenezo yalichukua miezi miwili" limekwisha kuzoeleka, na angalau lina jina mbele yake. Tunayoyakataa ni matatu: kitenzi kisicho na jina, mtu aliyegeuzwa mzigo, na juhudi, subira na ujasiri kuwa vitu vya kuchukuliwa. Nao waandishi wa michezo watuwie radhi: "Iliwachukua wenyeji dakika kumi kupata bao" haisemi lolote ambalo "Wenyeji walipata bao katika dakika ya kumi" haijasema vizuri zaidi.

Walimu wenzetu, tufute katika madaftari yetu mstari ule unaolinganisha neno kwa neno. Mahali pake tuweke maswali mawili: Nani alifanya? Kazi gani? Mwanafunzi akiyajibu kwanza, sentensi itajipanga yenyewe: nilisafiri kwa muda wa saa mbili, kazi ni ya siku tatu, tulikesha. Somo hili si la muhula mzima. Ni la kipindi kimoja, lakini lataka mwalimu aliye tayari kusahihisha daftari lake kabla ya daftari la mwanafunzi.