Swali la mstari mmoja halitoshi kumnyonga mtu

Kila mjadala wa adhabu ya kifo unapoibuka, watetezi wake hukimbilia hoja ileile: wananchi wenyewe wanaitaka. Tunasema bila kumung'unya maneno kwamba hoja hiyo, kwa jinsi inavyopimwa, ni dhaifu mno kumpeleka mtu kitanzini.

Tazama Japani. Katika uchunguzi wa maoni wa mwaka 2014, serikali yake ilikuta kuwa asilimia 80.3 ya waliohojiwa wanaikubali adhabu hiyo. Lakini isome hojaji yenyewe. Ukiacha jibu la asiyejua, mhojiwa aliwekewa mawili tu: adhabu ya kifo ifutwe, au haiepukiki. La kwanza linadai msimamo usioyumba. La pili linazoa hata wanaositasita. Wahojiwa haohao walipoulizwa ingekuwaje endapo kungekuwa na kifungo cha maisha kisicho na msamaha, waliotaka adhabu ya kifo ibaki walikuwa asilimia 51.5, na waliotaka ifutwe wakapanda kutoka 9.7 hadi 37.7. Hakuna aliyebadilishiwa dini wala dhamiri. Kilichobadilika ni swali.

Huko Marekani, kampuni ya kura za maoni ya Gallup mwaka 2019 ilikuta asilimia 56 wanaunga mkono kuuawa kwa waliotiwa hatiani kwa mauaji. Walipotakiwa kuchagua kati ya kifo na kifungo cha maisha bila msamaha, asilimia 60 walichagua kifungo.

Malaysia inatufunza zaidi. Katika utafiti wa Profesa Roger Hood uliotoka mwaka 2013, asilimia 56 waliafiki kifo kiwe adhabu ya lazima kwa muuaji, mazingira yawayo yote. Wakapewa visa vya kuamua wenyewe, kama majaji. Kati ya hao waafiki, ni asilimia 14 tu waliotoa hukumu ya kifo katika visa vyote vya mauaji walivyosomewa.

Hili linatuhusu. Mwaka 1995, katika kesi ya Mbushuu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikiri kuwa adhabu hii ni ya kikatili, ila ikaiacha, ikisema ni jamii itakayoamua kama inahitajika. Vema. Basi jamii iulizwe kwa haki. Swali la ndiyo au hapana lina kasoro ileile ya hukumu ya lazima, ambayo Mahakama ya Afrika, pale Arusha, iliikataa Novemba 2019: halitaki kujua nani aliua, kwa nini, wala katika hali gani.

Wanaopinga adhabu hii nao wasishangilie. Swali lililopindwa kwa upande wao ni batili vilevile.

Atakayeingia mtaani na hojaji aweke kisa mbele ya adhabu, ataje kifungo cha maisha kama chaguo, na aseme kuwa mahakama huweza kumtia hatiani asiye na kosa. Kisha achapishe maswali yote pamoja na majibu. Asiyefanya hivyo, takwimu zake zisipokelewe bungeni wala mahakamani.