Mraba wa Mtoto Usifumuliwe

Katika vyuo vyetu mwalimu mwanafunzi hufunzwa kupanga somo, kuandaa vifaa na kupima maendeleo ya darasa. Ni nadra kufunzwa jambo moja ambalo katika kazi za mikono lina uzito kuliko yote hayo, nalo ni kujua wakati wa kuuzuia mkono wake mwenyewe. Twapenda kulizungumzia jambo hilo kwa kutazama kazi moja tu, yaani utengenezaji wa blanketi la viraka ambalo darasa zima hulishona ili kumpa mtu zawadi.

Kwanza tueleze ni viraka vya namna gani. Yako mablanketi ya viraka vilivyokatwa kwa kipimo kimoja na kupangwa pembe kwa pembe. Hayo hatuyasemi hapa. Tunasema yale ambayo vipande vyake havina umbo maalumu, wala havifuati mpango. Mtindo huu ulienea sana Marekani katika miaka ya 1880, baada ya maonyesho makubwa ya mwaka 1876 mjini Philadelphia, ambako watu wengi walivutiwa na vitu vya sanaa vilivyoletwa kutoka Japani. Wanawake wa huko walishona vipande vya hariri na mahameli shaghalabaghala juu ya kitambaa rahisi cha pamba, wakatarizi juu ya kila mshono, kisha wakaongeza maua, ndege, utando wa buibui, majina na tarehe. Kwa mpangilio wake huo, waliyaita mablanketi ya kichaa. Mengi yamehifadhiwa katika majumba ya makumbusho, na atazamaye kwa karibu huona ajabu. Hariri nyingi ya wakati ule ilitiwa chumvi za madini ili iwe nzito, nayo imepasukapasuka, hali pamba iliyofichwa chini yake mara nyingi ingali ikishika. Pamba ya namna hiyo haikuwa ngeni pwani yetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, waliileta Unguja kwa wingi, na watu wakaiita merikani.

Basi mwalimu na aanze na merikani. Kila mwanafunzi apewe kipande cha mraba chenye upande wa sentimita 29. Viraka visinunuliwe, mafundi cherehani wakiombwa kwa adabu hutoa mabaki ya kitenge, kanga, kaki na poplini, na watoto nao wataleta ya nyumbani. (Aonaye kwamba sindano ni kazi ya wasichana na akumbuke ni nani hasa aketiye nyuma ya cherehani katika baraza za madukani.) Vitambaa vipya vifuliwe kwanza, maana rangi ya kanga mpya huweza kuchuja na kuharibu kazi ya wenzake.

Kiraka cha kwanza, chenye pande tano, huwekwa karibu na katikati. Cha pili hulazwa juu yake, uso kwa uso, ukingo kwa ukingo. Hushonwa upande mmoja, hufunuliwa, hupigwa pasi. Huendelea hivyo kukizunguka cha kwanza hata merikani yote ifunikwe. Hapo ndipo kutarizi kuanzapo, na yafaa kufanyike kabla ya miraba kuungwa, kwa kuwa mtoto aweza kuushika mraba mmoja mapajani, lakini hawezi kulishika blanketi zima. Mishono mitatu yatosha: wa mnyororo, wa blanketi, na ule ufananao na mfupa wa samaki. Mishono hiyo ipite juu ya maungio ya viraka mpaka ukingoni. Maua, shanga na vifungo visikaribie ukingo kwa sentimita 3, la sivyo sindano ya cherehani itavunjika siku ya kuunga. Uzi wa kutarizi huukunyata mraba, na kwa sababu hiyo tulianza na sentimita 29. Kazi ikiisha, yote hupunguzwa iwe na upande wa sentimita 27.

Sasa twafika penye hatari. Mwalimu hukusanya miraba, akaitazama usiku peke yake, akaona mmoja una mishono iliyopinda kama njia ya ng'ombe, na mwingine una ua lisilojulikana kama ni ua au ni kaa. Sherehe i karibu. Mkono wamwasha.

Sisi tuandikao haya tuliwahi kulitenda kosa hilo. Miaka mingi iliyopita, tukiwa walimu wapya, darasa letu la sita lilishona blanketi la kumuaga mwalimu aliyekuwa akistaafu. Usiku wa kuamkia sherehe tuliwasha taa ya chemli, tukafumua miraba tisa na kuitarizi upya sisi wenyewe. Asubuhi blanketi lilipendeza, na mgeni rasmi akalisifu. Watoto walipolizunguka, kila mmoja akimwonyesha mwenziwe mraba wake, msichana mmoja alilipitia mara mbili, kisha akatuuliza, "Mwalimu, mraba wangu haukuungwa?" Ulikuwa pale, mbele ya macho yake. Tukamwonyesha. Aliutazama, akanyamaza, akaenda zake.

Wako watakaosema kwamba zawadi mbovu ni aibu kwa shule. Neno hilo si la kupuuzwa, lakini lazima kwanza tukubaliane juu ya ubovu. Mshono ulio legevu ni mbovu, kwa sababu utafumuka blanketi lifuliwapo mara ya kwanza. Huo urudiwe, na mwenye kuurudia awe mtoto mwenyewe, hata kama ni mara ya tatu. Mshono uliopinda lakini umeshika hauna ubovu. Katika viraka vya kipimo, pembe iliyopinda huwaharibia majirani wote. Katika viraka hivi vya kichaa hapana mstari wa kuharibiwa. Ndiyo maana twaupendekeza mtindo huu kwa darasa lenye watoto wa uwezo mbalimbali: mwenye mkono mzito na mwenye mkono mwepesi hukaa bega kwa bega katika kazi moja, pasipo mmoja kumharibia mwenzake. Zaidi ya hayo, yule mzee aliyekuwa akistaafu aliwafundisha watoto wale kushika kalamu. Angeutambua mkono wa kila mmoja wao, nasi tulimpa mkono wetu mara tisa.

Anayetaka unyoofu na autafute katika kuunga, maana huko hauna badala. Darasa la watoto 42 litapanga miraba yake sakafuni, 6 kwa 7. Waachwe wabishane juu ya mahali pa kila mraba. Mabishano hayo ni somo lenyewe, nasi tumewasikia watoto wa darasa la tano wakitoa hoja za rangi nzito na rangi nyepesi ambazo hatukuwafundisha. Kila upande hutoa sentimita 1 ya mshono, hivyo mraba hubaki sentimita 25, na blanketi zima huwa sentimita 150 kwa 175. Hesabu hiyo waifanye wao ubaoni kabla ya kukata. Miraba huungwa safu kwa safu. Maungio ya safu moja yalazwe kulia na ya safu ifuatayo kushoto, ili pembe zikutane bila kuvimba. Kisha bitana hutiwa kwa nyuma na kufungwa kwa mafundo ya uzi penye kila pembe ya miraba, na ukingo wote huzungushiwa pindo.

Kazi hii hutaka muhula mzima, nao mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hana muhula mzima. Yeye na atengeneze foronya ya mto kwa miraba minne ya vikundi vinne, na kila kikundi kitarizi alama yake katika mraba wake. Mbele ya mkaguzi mto huo huenda ukaonekana umekwenda upande. Auweke mezani vivyo hivyo, na akiulizwa, awaite watoto waeleze.