Usukani Unapotetemeka, Nani Mwenye Haki ya Kulisimamisha Gari?

Kila ajali mbaya inapotokea katika barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, wananchi huelezwa maneno yale yale: breki zilikataa. Tumeyazoea maneno hayo kiasi kwamba hakuna anayeuliza tena zilianza kukataa lini. Mimi nashikilia kuwa breki ni nadra kukataa bila ilani. Aghalabu ilani hutolewa siku nyingi kabla, nayo humfikia kwanza mtu mmoja, dereva, kupitia viganja vya mikono yake.

Nililishuhudia jambo hilo mwenyewe. Tulikuwa tukirejea Mikindani kutoka Mariakani jioni moja, wanafunzi wametoka katika mashindano ya michezo, nami nimeketi kiti cha mbele kama mwalimu wao. Tulipoanza kuteremka kutoka Mazeras, malori ya bandarini yakiwa mbele na nyuma yetu, dereva alikanyaga breki na usukani ukatetemeka kama mtu mwenye homa. Alipoiachia breki, ukatulia. Alipokanyaga tena, ukarudia. Nikamtazama. "Ni kawaida yake, mwalimu," akaniambia. "Hata mwenye gari anajua." Nyuma yetu watoto walikuwa wakiimba.

Nilikuja kufahamu baadaye kwamba mwenye basi alikuwa amekwisha kutumia fedha si haba. Fundi wa kwanza alisawazisha magurudumu. Wa pili akabadilisha vyuma viunganishavyo usukani na magurudumu. Homa haikutoka. Fundi wa tatu, mzee mwenye kibanda chake hapa Mikindani, hakushika spana kwanza, aliuliza swali. Hutetemeka lini?

Swali hilo ndilo lililokuwa limekosekana. Usukani ukitetemeka gari likiwa katika mwendo fulani hata bila breki kukanyagwa, hapo huenda magurudumu hayakusawazishwa vyema. Ukitetemeka pale tu breki inapokanyagwa, wa kushukiwa kwanza ni zile sahani za chuma za magurudumu ya mbele ambazo mafundi wetu huziita diski. Tetemeko likisikika zaidi kitini au katika pedali kuliko usukanini, mtu huanza kuchungulia nyuma. Kukiwa na mgongano wa vyuma pamoja na tetemeko, bushi na boljointi zikaguliwe pia, kwa kuwa ulegevu wake hukuza kosa dogo.

Watu husema diski imepinda. Mara nyingi haikupinda; unene wake ndio usiolingana. Tofauti iliyo ndogo kuliko unene wa unywele yatosha kuutikisa usukani. Wanafunzi na wapige hesabu: gurudumu lenye mzingo wa mita 2, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka takriban mara 11 kwa sekunde. Kila mzunguko, pedi hukutana na pale palipo panene na kusukumwa. Dereva hupokea misukumo hiyo 11 kwa sekunde mikononi mwake.

Fundi yule aliivua diski, akatuonyesha kutu iliyojikusanya kati yake na kitovu cha gurudumu. Hewa yetu ya chumvi haina huruma kwa chuma. Kutu hiyo huifanya diski ikae upande, na baada ya safari nyingi pedi huila bila usawa. Nati za gurudumu zikikazwa kwa pupa, moja sana na nyingine kidogo, matokeo ni hayo hayo. Tena pini za kushikilia pedi upande wa kushoto zilikuwa zimeganda, pedi haiachii, na diski ilikuwa ikichemka safari nzima. Ukingoni mwa diski huandikwa unene wa chini unaoruhusiwa. Zetu zilikuwa zimepita chini yake, hivyo kuzichonga kusingefaa. Zikabadilishwa zote mbili pamoja na pedi, kitovu kikasuguliwa, pini zikapakwa grisi, nati zikakazwa kwa mkingamano. Kazi ya nusu siku.

Basi kwa nini nusu siku hiyo ilichelewa majuma kadhaa? Hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Kanuni za Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 zilituletea mikanda na vidhibiti mwendo, na zilifanya mema. NTSA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka. Lakini diski yaweza kuharibika mwezi mmoja tu baada ya ukaguzi, na kibandiko cha kioo kikabaki kinang'aa. Sheria ya Trafiki yataka gari lidumishwe katika hali isiyohatarisha wakati wote. Aliye na gari wakati wote ni dereva, naye ndiye asiye na sauti: akilisimamisha, siku hiyo hana ujira, na pengine kesho yake hana kazi. Kwa hiyo hujifunza kuita hatari kawaida. Siwezi kumlaumu peke yake.

Shule, hata hivyo, zina nguvu ambazo abiria wa matatu hana, kwa sababu zinakodi kwa mkataba. Napendekeza mkataba useme kwamba dereva ataandika kasoro katika daftari kila jioni, na kwamba akilisimamisha gari kwa sababu ya breki au usukani, atalipwa siku hiyo kama kawaida. Wenye magari watalalamika kuhusu gharama. Wao ndio waliolipia kazi mbili zisizohitajika kabla ya ile iliyohitajika.

Kikao chetu na mwenye basi kitafanyika Jumamosi. Tumemwomba dereva ahudhurie, naye ameuliza kama siku hiyo atalipwa.