Umeme wa Gari Lako Unatoka Wapi?

Najua nimekuwa kimya, baridi na zamu za usiku vimenikaba. Kilichonirudisha leo ni ujumbe wa shemeji yangu wa Kilifi. Kanitumia picha ya pikipiki yake mpya ya umeme, chini kaandika: "Sisi huku tumeshaokoa mazingira, nyinyi kaeni na nyuklia yenu." Nikacheka, halafu nikaudhika.

Shemeji, nisikilize. Mimi naishi Strasbourg, Ufaransa, mpakani kabisa. Tangu 2017 tramu yetu inavuka mto Rhine hadi Kehl, Ujerumani. Dakika chache tu uko nchi nyingine. Sasa angalia: upande huu, zaidi ya asilimia 60 ya umeme wa nchi unatoka kwenye vinu vya nyuklia. Ng'ambo walizima vinu vyao vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023, huku wakiendelea kuchoma makaa ya mawe. Upepo na jua wanavyo, tena vingi, siwanyimi sifa. Lakini usiku wa Januari upepo ukitulia, jua liko wapi? Mtu anachomeka gari lake, anajiona msafi, kumbe moshi umehama tu, umetoka kwenye gari lake umekwenda kwa wanaoishi karibu na mtambo wa makaa. Kwa umeme ule ule, Ujerumani wanatoa hewa ya ukaa zaidi ya mara tano ya Ufaransa.

Na treni ya TGV mnaijua? Ile ya majaribio ya 1972 ilikuwa inachoma mafuta. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapaa, mwaka uliofuata serikali ikaamua kujenga vinu vya nyuklia kwa wingi, na TGV nayo ikageuzwa kuwa ya umeme. Ikaanza kubeba abiria kati ya Paris na Lyon mwaka 1981. Yaani hawa walifanya usafiri wa umeme kabla haujawa fasheni!

Ndiyo maana Fessenheim inanichoma moyo. Vinu viwili pale kando ya Rhine, kusini ya hapa, vilizimwa vyote mwaka 2020, wakati kila tangazo linatuhimiza tununue magari ya umeme. Ni kama kununua ng'ombe wa maziwa halafu ukachoma malisho.

Sisemi nyuklia ni malaika, jamani. Kinu cha Flamanville kilianza kujengwa 2007, tukaambiwa 2012 kitakuwa tayari. Kimeunganishwa na gridi Desemba 2024, gharama imezidi makadirio mara kadhaa. Mwaka 2022 vinu vingi vilisimama baada ya mabomba ya baadhi yao kukutwa na nyufa, tukawa tunanunua umeme kwa majirani, hao hao Wajerumani ninaowasema! Na takataka zake zitabaki hatari kwa maelfu ya miaka. Wanataka kuzifukia mita 500 chini ya ardhi huko Bure, mashariki huku huku kwetu. Nakubali, na bado nasema vinu visizimwe kabla ya makaa ya mawe.

Pikipiki yako, shemeji, ni safi kweli, lakini usiisifu betri. Sifu mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Mmejaliwa moto wa ardhini ambao Wafaransa hawana wa kuwatosha. Mwaka 2024 watu wa Uyombo walipoandamana kukataa kinu kwa sababu ya bahari yao na mashamba yao, niliwaelewa, ningekuwepo labda ningeandamana nao. Ila usiniambie tena kwamba kila kinu ni bomu linalosubiri siku yake.

Haya, tramu hiyo inakuja. Nijibu basi, na hiyo pikipiki usimuuzie mtu, nikija likizo naiendesha mimi.